Visima vya Mchangani Havikuwa Kwenye Hesabu

Mke wangu, Mama Zaituni,

Huku Busi kiangazi kimekaza. Mto umebaki mchanga mtupu, kama unavyoujua.

Watu wa ofisi ya maji ya bonde la mto walikuja kutoka mjini kufundisha hesabu za maji. Nilipata kibarua cha kumwaga zege la nguzo ya kupimia mto, ndiyo maana nilikuwepo. Wanasema mto ni wa wote, wa juu na wa chini, kwa hiyo ijulikane yanaingia maji kiasi gani na nani anayatoa. Wenye pampu za vitunguu kule juu wakahesabiwa. Ng'ombe wakahesabiwa. Sehemu isiyo na mtumiaji, mwenye pampu anaweza kuiombea kibali.

Wakapita pale mlipokuwa mnachota. Visima vyenu vya kuchimba mchangani vilikuwa vimefunikwa miiba, ng'ombe wasichafue. Vijana wa ofisi ile wakadhani ni boma lililohamwa. Wakaandika mchanga mkavu, hakuna mtumiaji. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, akawaacha waandike. Na yeye hajawahi kubeba ndoo.

Nikawaambia hapo wanachota wanawake, mke wangu kachota hapo mpaka anakufa. Mwenyekiti akacheka, akasema Baba Zaituni jua limempiga, arudi kwenye koleo lake. Binti mmoja wa ofisi ile ya bonde ndiye aliyenisikiliza. Akaniuliza, "Mama alikuwa anapata ndoo ngapi kwa siku, baba?"

Sikujua, mke wangu. Maji yale nimeyanywa, nimeyaoga, sikujua. Wewe ulikuwa unatoka mimi nimelala. Nikiamka maji yapo. Basi.

Nikaenda kumwita Zaituni wetu. Akaja na wenzake, wakaondoa miiba. Binti wa bonde akaanza kumuuliza maswali. Zaituni akamwambia, "Shuka uchote mwenyewe, dada. Halafu usubiri yajae tena."

Akashuka na viatu vyake vya mjini. Akachota kata mbili tatu, yakaisha. Akakaa humo anasubiri, jua linamchoma. Wanawake wakamtania, wakamwambia asisinzie, nyuma yake kuna foleni. Akapanda juu, akafungua daftari lake. Akafuta yale maneno ya mchanga mkavu, akaandika visima vya akina mama. Kipande kile hakitolewi tena kwa mwenye pampu.

Zaituni alirudi nyumbani anaimba. Ana sauti yako.

Mimi sikuimba. Nilimfuata yule binti wakati wanapakia vyombo, nikamwomba akuandike na wewe. Akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Hapana, baba. Tunaandika wanaochota sasa."

Ni sawa. Kazi yao ndivyo ilivyo. Ila ungekuwepo, wangekuuliza wewe, na ungewajibu yote. Miaka yote ile uliyochota, hakuna mtu aliyekuuliza. Hata mimi.

Pumzika, mama.

Mumeo,
Baba Zaituni