Binti Yangu Anataka Kuacha Dawa Ili Acheze Vizuri

Mpendwa Mama Immy, naomba unishauri, lakini kabla ya shida nipe nafasi nishukuru, maana shukrani zimenijaa na hapa nyumbani wamechoka kunisikia. Mimi ni mama wa mabinti wawili, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Gisenyi, na binti yangu mkubwa, Belise, ana ugonjwa ambao madaktari wanauita skizofrenia, anasikia sauti ambazo sisi hatuzisikii, na kwa miaka mingi alikuwa anakaa chumbani amegeukia ukuta, ukimpelekea chakula anasubiri utoke ndipo ale, dawa zikazituliza zile sauti, namshukuru Mungu, lakini mwanangu mwenyewe sikumwona akirudi. Basi Donatha, muuguzi wa kliniki yetu, akaanzisha kikundi cha wagonjwa kucheza ngoma kila Jumatano, mwalimu wao anaitwa Nkusi, na mimi nilicheka, nikasema mtu asiyeweza hata kusalimia atacheza nini, lakini nikampeleka, mwanzoni alisimama tu pembeni akigongagonga mguu chini, halafu siku moja akainua mikono juu, ile ya kuiga pembe za ng'ombe, akamtazama mwenzake usoni, akacheka, Mama Immy, nililia mbele za watu bila aibu. Siku hizi anaoga bila kuambiwa, ananisaidia kuanika samaki, nikirudi ananiuliza, "Mama, leo soko ilikuwa aje?"

Sasa shida. Mdogo wake, Umwali, amepata mchumba, familia ya kijana inakuja mwezi ujao kumwomba rasmi kama desturi yetu ilivyo, na Umwali ametaka dada yake awe katika safu ya wasichana watakaocheza mbele ya wageni, Belise akafurahi mpaka akanikumbatia. Lakini juzi akaniambia, "Mama, hii dawa inafanya mikono yangu iko nzito, haipande kama ya wengine. Niache kidogo tu, mpaka sherehe iishe, njo nicheze muzuri." Shangazi yake Uwera, dada wa marehemu mume wangu, akadakia palepale, "Bon, mutoto si amepona? Ngoma njo imemuponesha. Donc, dawa ya nini tena?" Mimi najua Belise aliwahi kuacha dawa alipojisikia vizuri, tukamkuta kule Busasamana karibu na mpaka, anatembea bila viatu na hajui anakokwenda, lakini hiyo ilikuwa kabla ya ngoma, na mikono yake ni mizito kweli, naiona, na tangu aanze kucheka sina moyo wa kumnyima kitu. Natamani kumwambia ndiyo. Nifanyeje?

Mama Belise, Gisenyi

MAMA IMMY ANAJIBU:

Mama Belise, dada yangu, hongera. Nilipofika pale alipoinua mikono ilinibidi nivue miwani. Furaha yako nimeipokea yote, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Unasema mambo ya Busasamana yalitokea kabla ya ngoma. Kwa hiyo unataka kujaribu tena uone kama safari hii atarudi mwenyewe? Shangazi Uwera anampenda mtoto, sikatai, ila sifa amezigawa vibaya. Dawa ndizo zilizotuliza zile sauti, Belise akaweza kumsikia Nkusi. Ngoma ndiyo iliyomtoa ukutani. Anahitaji vyote viwili, na Donatha hakuleta ngoma ili vidonge viachwe, muulize mwenyewe.

Na hapo ndipo unaponikera. Una muuguzi anayemjua mwanao kwa jina, mnaonana kila Jumatano, na swali hili unaniandikia mimi! Mikono kuwa mizito si jambo la kuficha nyumbani. Dawa hizi huwafanya hivyo watu wengi, na daktari akiambiwa anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza nyingine ya kulegeza mwili. Uamuzi huo ni wa daktari. Si wako, wala wa Uwera.

Jumatano hii nendeni wote wawili. Belise aeleze kwa maneno yake, wewe usimsemee, mikono ni yake. Msichelewe, maana kubadilisha dawa kunahitaji muda na kuangaliwa kwa karibu. Nkusi naye ajue, amtafutie namna ya kucheza inayomfaa. Uwera mpe kazi ya kupokea wakwe, mdomo anao, na umwombe habari za dawa asizitaje tena mbele ya mtoto.

Ila usimwambie Belise "hapana" halafu ukanyamaza, atadhani unamnyima ngoma. Mwambie unataka acheze kwa Umwali, na Jumatano inayofuata acheze tena, na mwakani bado awe anacheza. Hiyo ndiyo sababu ya vidonge, na binti aliyetoka mbali namna hiyo anastahili kuelezwa sababu.

Labda siku ya wageni mikono itapanda yote, labda itaishia mabegani. Acheze hivyohivyo, na usije ukamsogeza nyuma ya wengine kwa kuogopa macho ya wakwe. Wachezaji hodari wapo tele Gisenyi, na Umwali angeweza kuwapata. Yeye alimtaka dada yake. Leo jioni mpe dawa yake.