Mungu Anakumbuka Kidevu

Baba Naisiae mpenzi,

Hapa Olkokola hatujambo. Mvua imeanza vizuri, maharage yameota, na mtoto wetu mchanga ananyonya na kushiba. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu Mama angenisikia, naye amenikataza nisikuambie.

Macho ya mama yako hayaoni tena. Niligundua siku niliyohamisha ndoo ya maziwa, nikamkuta anaipapasa pale inapokaaga. Nililia. Akaniambia, "Usilie, mwanangu. Mungu ameniachia vidole."

Ungemwona, ungeshangaa. Bado anakamua mwenyewe, huku akimshukuru Mungu kwa joto la maziwa na kwa ndama anayemlamba mkono. Mimi mwenye macho sijawahi kushukuru kwa ajili ya hayo.

Jana alimpakata mtoto, akampapasa uso polepole, vidole vikatua kwenye kishimo cha kidevu.

"Hiki ni cha mwanangu Sankale," akasema, "naye alikitoa kwa baba yake. Mungu ana watu wengi hivi, Nashipae, na bado anakumbuka kidevu cha mtu."

Kisha akaniuliza kama cha kwako bado kinashikika, au umefuga ndevu. Njoo akushike mwenyewe.

Mkeo akuombeaye,
Nashipae