Tope Lililoziba Banio

Dada yangu Hilda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Chiwanda, na kwamba mguu wa shemeji Joakim umepona kiasi cha kumfikisha kanisani bila fimbo. Sisi huku mlimani hatujambo, isipokuwa baridi na ujinga, na mwaka huu ujinga umeizidi baridi.

Ulimlalamikia mke wangu Tereza kwamba ukinipigia sipatikani. Simu haina chaji, dada, kwa sababu umeme wetu umekufa. Ule mtambo mdogo wa maji tuliojengewa na parokia ulitosha taa za nyumba arobaini, zahanati na mashine ya kukoboa. Kisha ukabebeshwa nyumba mia mbili. Kila aliyeuza kahawa vizuri alirudi kutoka Mbinga mjini na kitu cha kuchomeka ukutani. Mwenyekiti wetu Urbani, yule aliyerudia darasa la nne mpaka mwalimu akaona haya kwa niaba yake, alinunua friji refu kuliko mkewe. Aliponifungulia nilione, ndani mlikuwa na usipa wakavu, dagaa wa huko kwenu, na kofia yake ya mikutano. Wala sikutanii. Nyinyi wa ziwani mnaanika usipa juani bure, kumbe wenzenu tunawatunzia kwa umeme.

Abdulmajid mwenye duka alishauri mapema tufunge sola kwenye zahanati na kwenye mashine, ili maji yabaki na kazi ya taa tu, maana kiangazi kijito hupungua na watu hawapungui. Alisema kwa adabu kama kawaida yake. Kamati ya umeme ikamcheka. Urbani akasema jua la huku ni la kuazima, na kwamba muuza duka siku zote anatafuta pa kuuzia. Mimi ndiye katibu, nami nilicheka, ingawa nilijua kwamba mle chumbani mwenye akili alikuwa mmoja na hakuwa mjumbe. Leo nesi Bonifasia hana pa kutunzia chanjo. Akina mama wanavuka milima miwili na watoto mgongoni kufuata sindano.

Kilichoua mtambo kabisa ni tope. Masika iliyopita banio, pale maji yanapoingilia kwenye bomba, lilijaa hadi juu. Akaletwa fundi kutoka mjini, kijana wa viatu vyeupe, akasimama pakavu akasema kuna shamba mlimani linaachia udongo. Hakupanda kuliangalia. Kamati nayo haikupanda, maana wajumbe wetu hupanda pale tu panapopikwa wali. Walitazama shamba lililo karibu, wakalikuta la Gertruda, mjane wa marehemu Raimundi, ambaye kahawa yake iligusa ukingo wa kijito. Wakaamua aing'oe yote, majani yaote. Niliandika uamuzi huo kwa mwandiko wangu mzuri, na Gertruda hakubisha. Mwezi wa kumi aling'oa miche mia moja na arobaini ambayo Raimundi aliipanda kabla hawajaoana.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike badala ya kuazima simu.

Mvua ya kwanza iliponyesha nilikwenda banioni peke yangu. Maji ya upande wa Gertruda yalikuwa masafi. Tope jekundu lilikuwa likishuka kutoka juu zaidi, nami sikuhitaji kulifuata. Nilijua linakotoka tangu siku ile fundi alipofungua mdomo. Ni shamba letu, dada. Zile ngolo ulizochimba na mama, baba akiwa amekata majani na kuyapanga miraba, nyinyi mkiyafukia kwa udongo wa katikati hadi kila mraba ukabaki na shimo lake la kushika maji, nimezivunja. Mwaka juzi Tereza alikuwa na mimba kubwa. Majani niliyapanga mwenyewe, kazi ya mwanamume. Kuchimba nikashindwa, si kwa mikono, ila niliona haya watu wa ng'ambo ya kijito wanione nimeinamia kazi ya wanawake. Nikaita vibarua, wakaniwekea matuta ya kushuka na mteremko, siku mbili wakamaliza. Mimi ninayemcheka mtu kwa usipa wake.

Jumanne Gertruda alikuja nyumbani na beseni la maharage. Alipiga magoti mlangoni, mama wa umri wake, akanishukuru kwa kumwandika vizuri kwenye kumbukumbu za kikao. Kisha akaniomba niwaombe wajumbe wamsamehe, kwa kuwa ameona tope limerudi. Anadhani mizizi aliyoiacha chini ndiyo inayolegeza udongo. Alisema ikibidi atahamisha na nyumba, ili watoto wa watu wapate chanjo. Nilipokea maharage, dada. Nikamwambia nitaliangalia.

Mkutano wa kijiji ni Jumapili ijayo baada ya misa, nami nitasimama. Siogopi tena kuchekwa, na matuta nimeanza kuyafumua mwenyewe, mchana, watu wakipita. Sikuombi uje kunitetea. Nakuomba uje kwa sababu Gertruda ameshaamini kwamba kosa ni lake, na nikisema peke yangu kwamba tope ni letu, atadhani namfariji.

Msalimie shemeji na watoto, na wote wanaotujua huko. Tereza anakuamkia. Hajui ninayokuandikia, ila nitamweleza leo kabla hajapika yale maharage.

Mdogo wako,
Vitalis