Wimbo Kutoka Kisimani

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ukuta wa kisima cha zahanati ulipokuporomokea, na nyumba yetu bado imetega sikio.

Ulikuwa fundi wa visima, watu wakikuita Mzee wa Chini. Ulishuka na kamba kiunoni ukiimba tenzi bila kupumzika, ili walio juu wajue una hewa. Ukikatiza, hata kwa kikohozi tu, walikuvuta.

"Mbona mna haraka?" uliwatania. "Mbinguni ni huko huko juu, lakini mimi sijaitwa!"

Nyumbani ulikuwa mpole. Ule msimu ambao hakuna aliyekuita kazini, na sufuria ikashinda tupu, ulipiga magoti kwanza, kisha ukanoa sururu. "Mungu hajalala," ulisema, "na mimi nisilale."

Siku ile udongo ulikufukia hadi kifuani. Mwanao wa kwanza, uliyemwita Pilipili kwa ukali wake, alishuka kwa kamba ya pili, akafukua kwa mikono. Wewe ukawa unaimba.

"Baba, nyamaza! Tunza pumzi!"

"Nikinyamaza, walio juu watakata tamaa. Chimba."

"Huyo Mungu wako yuko wapi sasa?"

"Yuko hapa hapa, tumebanana naye."

Udongo ukashuka tena, ukakufunika; Pilipili tulimvuta kwa kamba yake. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Tulikutoa ukiwa kimya.

Pilipili hakukanyaga tena kanisani. Mchungaji alipokuja, alimsimamisha mlangoni: "Kama umekuja kutupa pole, karibu. Kama umekuja kumtetea Mungu, ajitetee mwenyewe." Mama peke yake ndiye aliyesema, "Mwacheni agombane naye. Angalau wanaongea."

Wauguzi bado wanabeba maji kwa ndoo kutoka mbali, na kisima chako kilibaki kinywa wazi. Juma lililopita Pilipili alikizungushia pete za zege, akajifunga kamba yako, akashuka. Mama alishika kamba pamoja na wavutaji wako wa zamani.

Kimya.

"Imba!" Mama akaita.

"Mama, nachimba!"

"Imba, au nakuvuta!"

Kimya tena. Sururu nayo ikanyamaza. Mama akaikaza kamba, wavutaji wakainama. Ndipo sauti ikapanda kutoka chini, ya kukwaruza, yenye hasira bado, ikaanzia pale pale ulipokatikia wewe. Akaumaliza ubeti, akaingia wa pili. Mama akalegeza kamba.

Maji hatujayapata, Baba. Kesho anashuka tena, na sisi tutakuwa juu, tukisikiliza.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao Pilipili, binti yako mshonaji na mumewe, wajukuu wako uliowabeba mabegani na matope yako, dada yako, na wavutaji wako wote.

Wimbo wako tumeushika, Baba. Daima utakumbukwa.