Nilimkubali kwa Hofu ya Mungu, Naye Amekataa Kukubaliwa Hivyo

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usinicheke, maana jambo lenyewe nimeshamweleza kaka yangu akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi sioni la kuchekesha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, ni mwalimu wa udereva, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa letu, na nimelelewa na mama ambaye neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni lilikuwa Mungu anakuona, ukilamba sukari Mungu anakuona, ukichelewa kutoka shule Mungu anakuona, hata nikipewa kuchagua kati ya gauni la bluu na la kijani nilichagua lile nisilolipenda ili nisije nikaonekana napenda anasa. Nimekua hivyo, na nimeshazoea kwamba likija jambo la kuamua mimi siamui, nakaa naomba, halafu lile ninaloogopa zaidi kulikataa ndilo nasema ni mapenzi ya Mungu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mwaka jana alikuja chuoni kwetu seremala mmoja, mtu mzima mwenye karakana yake ya makabati na milango, anataka leseni ili awe anawapelekea wateja mizigo yao mwenyewe, akapangwa kwangu. Nisikufiche, mshauri, huyu mtu ni mpole, ana vichekesho vya chini chini, anasali kanisa letu ila hukaa benchi la nyuma kabisa, na kwenye usukani hakuwa kama wanafunzi wengine, maana wengi wakishajua kuwa gari letu lina breki ya pili upande wangu hawaangalii tena barabara, wanaangalia mguu wangu, na wanaoniogopa sana ndio wanaogonga koni, lakini yeye aliangalia barabara, na akiniuliza swali ni kwa sababu anataka kujua. Hapa kuna jambo dogo nilitaje upesi nipite, kwamba alipokuwa tayari kwa mtihani nilimwambia bado, nikadai hajui vizuri kurudi nyuma kwenye kona, nikamwongezea wiki tatu za mazoezi katika saa yangu ya chakula cha mchana, na ukweli ni kwamba kurudi nyuma alikuwa anajua labda kuliko mimi. Hilo nimeshatubu. Tuendelee.

Alipopata leseni akaja kuniomba tuoane, kwa heshima zote, nami nikamwambia anipe muda niombe, nikaomba miezi minne sikusikia chochote. Kisha Jumamosi moja baada ya mazoezi, Mama Kwaya, ndiye kiongozi wetu na si mtu wa utani, akasimama mbele ya wote akasema ameota ananiona nimebeba maranda ya mbao kwenye shuka jeupe, kwamba ujumbe uko wazi, mume wangu ni seremala, na nikikaidi nisije nikamlaumu mtu kwa yatakayonipata. Mshauri, sikukumbuka hata kurudisha kitabu cha nyimbo, nilikwenda nacho moja kwa moja mpaka karakanani nikamwambia mwenzangu kuwa nimekubali.

Nilidhani atafurahi. Alikuwa anapiga randa mlango, akaacha, akaniuliza nini kimenibadilisha baada ya miezi minne, nami nikamweleza ndoto yote na maranda yake. Akachomeka penseli sikioni, akaniuliza, "Na kama Mama Kwaya asingeota?"

Nikamjibu, "Mimi ni nani nimkatalie Mungu?"

"Basi wewe hujanikubali," akasema. "Umekimbia moto, na mimi ndio mlango uliokuwa karibu."

Tangu siku hiyo amekataa tusipeleke majina kwa mchungaji yasomwe kwenye matangazo ya ndoa. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniumiza, anasema atapokea ndiyo na atapokea hapana, lakini iwe yangu, na amenipa mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, ikipita nikiwa kimya atahesabu nimekataa na tutaendelea kusalimiana kanisani kama waumini wengine. Kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati na kanisani haendi tena, anasema dini yetu ndivyo ilivyo, mtu anaambiwa chagua kwa uhuru wako, huku raha, huku moto wa milele, na kwamba huko si kuchagua, ni kukabwa njiani. Nilimfuata mchungaji, akasema Mungu ametupa hiari na pia ametutaka tumwogope, vyote viwili ni kweli, halafu akaitwa kwenye kikao.

Sasa nakuuliza wewe, je, anayemwogopa Mungu ana uhuru wa kuchagua kweli, au uhuru wetu ni wa kwenye karatasi? Nikimwambia huyu mtu ndiyo, nitajuaje kuwa ni mimi niliyesema na si hofu yangu? Nikimwambia hapana, si nitakuwa nimempinga Mungu? Sitaki kumkosea Mungu, na huyu seremala sitaki kumkosa, nimechoka, jana nimemkanyagia breki mwanafunzi ambaye gari lilikuwa limeshasimama.

Ni mimi,
Mwalimu wa Udereva

*

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya kung'oa jino, na samahani, nimecheka mpaka dada wa mapokezi akaniuliza kama kweli ni mimi ninayeumwa. Nikaisoma mara ya pili, nikaacha kucheka. Mtu kufika miaka thelathini na nne hajawahi kuchagua gauni analolipenda si mchezo. Pole, mwanangu. Ipokee pole hiyo vizuri, maana yanayofuata ni makavu.

Tuanze na kaka yako, maana watu wa hisabati wakipata jibu upesi huwa hawarudii hesabu. Mwambie anayekukaba njiani anataka kilicho mfukoni mwako. Mungu anayehubiriwa kanisani kwenu hana anachopungukiwa mpaka akukabe. Katika bustani ile ya mwanzo, mti ulikuwa katikati, haukuzungushiwa seng'enge wala haukuwekewa mlinzi. Wenyewe waliambiwa matokeo yake, na wakala. Anayekuambia jiko lina moto hajakufunga mkono. Amekuambia tu kuwa jiko lina moto, na mkono bado ni wako.

Ila kaka yako tumpe haki yake kidogo. Aliyetishwa hachagui, na wewe ulitishwa. Lakini aliyekutisha ana jina la cheo na anasimama mbele ya kwaya. Kuota hakuna kosa, hata mimi wiki iliyopita nimeota nafunga ndoa na daktari wangu wa meno. Kosa ni ile "ukikaidi usimlaumu mtu", hiyo haikuwa ndotoni, Mama Kwaya ameitia mwenyewe kwa mkono wake. Nawe kwa kuwa ulizoea tangu utotoni kwamba sauti kali ndiyo ya Mungu, hukuuliza. Ulitoka mbio na kitabu cha watu.

Sasa swali lako kubwa, nalo umelijibu mwenyewe bila kujua. Umeniambia wanafunzi wanaokuogopa huacha barabara wakaangalia mguu wako. Je, wewe kwa Mungu umekuwa mwanafunzi gani? Yule seremala naye alijua una breki, na sidhani kama alikudharau. Alikuheshimu, alikusikiliza, akijua kuwa ukimwambia simama una sababu, na kwa ajili hiyo hiyo akaweza kutazama mbele na kushika usukani. Hofu ya Mungu ni hiyo, mwanangu. Inamfanya mtu awe makini na asifanye upuuzi katikati ya watu. Hiyo nyingine uliyolelewa nayo ni kutetemeka tu, na mtu anayetetemeka hamtii mtu yeyote, anajikinga tu.

Haya. Turudi kwenye lile jambo dogo ulilolitaja upesi ukapita. Ulidhani na mimi nitapita?

Wiki tatu, mwalimu. Siku kumi na tano za kazi ulikaa na njaa saa ya chakula ukimfundisha mtu kitu anachokijua, kwa kuwa hukutaka masomo yaishe. Nani aliota hilo? Mama Kwaya alikuwa hajalala bado. Maneno ya mama yako yalikuwa masikioni mwako vile vile, Mungu alikuwa anakuona vile vile, na wewe ukafanya ulichotaka, tena kwa ratiba. Kwa hiyo usiniambie hofu imekufunga hiari. Hiari unayo, na ukiamua unaitumia kwa ujanja unaonitia wasiwasi. Umeuliza utajuaje kuwa ndiyo ni yako. Angalia ulichofanya wakati ulipodhani hakuna anayekuuliza. Ulimchagua huyu mtu kabla hajakuomba.

Ulimchagua, lakini kwa njia mbaya, na hapo nakugombeza sawasawa. Mtu alikuwa na kazi zake, alikuwa na wateja wanaosubiri milango, na mwalimu wake akamfanya aamini kuwa hajui anachokijua. Unasema umetubu. Umetubu kwa nani? Kwa Mungu, ambaye hakucheleweshewa leseni. Pale ndipo hofu ya Mungu ilipokuwa na kazi, na pale ndipo ulipoipa likizo. Isingekunyang'anya uchaguzi. Ingekukumbusha tu kwamba kuna mtu mwingine ndani ya gari. Wewe ukaogopa gauni la bluu, ukaogopa ndoto ya mtu mwingine, na uongo wa wiki tatu ukauita jambo dogo.

Sasa sikiliza, na usilipeleke hili kwenye maombi ya miezi minne mingine. Umeomba, umenyamaziwa. Haijakupitia kichwani kuwa mtu akiulizwa jambo na akanyamaza, huenda anasubiri useme unataka nini? Wiki hii, saa ya mchana, nenda karakanani. Usiende na Mama Kwaya wala na kaka yako. Usianze na Mungu ametaka, wala na nimeonyeshwa. Anza na "mimi". Mwambie ulimchelewesha mtihani kwa wiki tatu, na mwambie kwa nini. Useme ukiwa umesimama, na kama machozi yanataka kutoka yaambie yasubiri, kwa sababu mwanaume mpole akiona machozi atakubali chochote, na tumeshaona kukubali kwa namna hiyo kunavyokuwa.

Na kama ukifika pale ukijikagua kwa haki ukaona jibu ni hapana, sema hapana. Mungu amekataliwa na watu wakubwa kuliko wewe, na bado jua linawachomozea kila siku. Mama Kwaya akikuuliza, mwambie ndoto umeisikia, ahsante, na kwamba Jumamosi mtaendelea na mazoezi. Akikununia, wewe imba.

Nadhani hutasema hapana. Lakini mimi nilishatabiri mengi ya watu nikakosea, kwa hiyo usinifanye mimi Mama Kwaya wa pili.

Ukishasema yako, nyamaza. Anaweza kucheka, na anaweza kukasirika, maana ana haki ya kukasirika. Anaweza kukuambia sasa yeye ndiye anayetaka muda. Usimkumbushe ndoto, usimtie hofu, usimshike mkono kwa nguvu. Zamu ya kuchagua itakuwa yake, na wewe utakuwa umesimama kwenye maranda yake unampenda mtu mwenye ruhusa kamili ya kukukataa. Itakuuma. Mungu amekusubiri hivyo miaka thelathini na nne.