Punda wa Nne

Mnyambe, Jumanne jioni

Ningeweza kukataa. Mdomo ninao.

Tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata korosho majumbani kwa malori, punda waliokuwa wakibeba magunia hadi ghala la ushirika wanaachwa wazurure. Niliwachukua watatu, wote wana vidonda mgongoni. Juzi niliwaomba majirani msaada wowote: pumba, majani, hata ndoo moja ya maji.

Leo jirani yangu Baba Sefu amekuja na gunia la pumba juu ya punda wake. Nilimshukuru, nusura nilie. Akashusha gunia. Chini yake, kidonda kibichi. Akanishikisha kamba.

“Na punda je?”

“Nakuachia, Mama Rehema. Mwenye huruma nao ni wewe.”

Pumba za wiki moja, punda wa miaka.

Rehema wangu anajifungua mwezi huu, ananisubiri Masasi. Nikienda, hawa nani atawa...

Wote wananisifu. Hakuna anayeniambia, nenda, nitawaangalia.

Alfajiri nitashuka bondeni. Miaka yote punda ndio waliotupandishia maji. Sasa nawapandishia mimi, kichwani, na kuanzia kesho ni safari nne.