Goti Langu na Kuku wa Ndani ya Miwani

Dada Nekesa, salamu nyingi kutoka Mengo, kwenye mvua na matoke yasiyoisha.

Unajua tangu nivunjike goti nimesamehewa kumpigia mama mkwe magoti ninapomsalimu, kama desturi ya Waganda inavyotaka. Nilikuwa nimeanza kuuzoea msamaha huo. Jana mama mkwe alinisindikiza kliniki. Mtaalamu wa viungo alinifunga vifaa gotini, akanivisha miwani mikubwa ya kompyuta. Mara niko ndani ya banda, kuku kila upande, mayai yanaviringika. Kazi yangu ni kuinama niyaokote, na kompyuta inafuata goti linavyokunjika. Unanijua, sipendi kushindwa. Yai la mwisho likajificha chini ya kiota, nikalifuata kwa magoti yote mawili, mikono mbele, nikishangilia.

Nikasikia sauti juu yangu, imejaa raha: "Muzuri sana, mutoto yangu. Na wewe uko muzima?"

Nikavua miwani. Nilikuwa miguuni pa mama mkwe, naye ananiitikia salamu.

Wabusu watoto wote kwa niaba yangu. Mtu yeyote akikuuliza, sema goti limepona, ila tangu jana mgongo unaniuma vibaya sana, siwezi kupiga magoti.

Mdogo wako,
Nafula